Upepo Usio na Msimu wa Kurudi

Mwezi Desemba mwaka 1903, Robert Falcon Scott na mabaharia wawili walishuka kutoka uwanda wa juu wa barafu ya Antaktika, wakaipita ncha ya barafuto kubwa, wakajikuta ndani ya bonde lisilo na theluji. Palikuwa na mchanga, kokoto, ziwa lililoganda na mawe yaliyosuguliwa na upepo hadi yakalainika. Scott aliandika kwamba hawakuona kiumbe hai hata kimoja, wala mosi wala kuvumwani. Bonde hilo leo linaitwa Taylor, na ni mojawapo ya Mabonde Makavu ya McMurdo. Kila ninaposoma habari hiyo, fikra zangu huenda kwenye viatu vyao. Walikuwa wakikanyaga wanyama, na hapakuwa na namna yoyote ya wao kujua.

Wanyama wenyewe ni wadogo mno. Aliyeenea kuliko wote katika mchanga mkavu wa mabonde hayo ni mnyoo asiyefikia urefu wa milimita moja, aina ya nematodi, ambaye jina lake la kisayansi ni Scottnema lindsayae. Hula bakteria na hamira za udongoni. Penye unyevu zaidi wapo nematodi wengine, pamoja na tadigradi, wale ambao baadhi ya watu huwaita dubu wa maji, na rotifa, ambao huvuta chakula kwa vinyweleo vinavyozunguka mdomoni. Mwanaikolojia wa Marekani Diana Wall, aliyefariki mwaka 2024, alianza kwenda huko mwaka 1989, akaendelea kurudi kwa miaka mingi hata bonde moja likapewa jina lake. Huwa namwaza sana mtu huyo. Kuvuka bahari zote hizo kila mara kwa ajili ya mnyoo ambaye mwenye macho mazima hawezi kumwona, na kumwendea kwa heshima ambayo wengine huwawekea tembo na nyangumi!

Nilivutwa kwanza na habari ya kukauka. Katika mabonde hayo maji yanayotiririka hupatikana kwa wiki chache za kiangazi tu. Udongo unapokauka, mnyoo naye hukauka pamoja nao. Hujiviringa taratibu, hupoteza karibu maji yote ya mwilini, na kazi zote za mwili husimama kiasi kwamba hakuna kinachoweza kupimwa. Hakui, hazai, hasogei. Akiwa katika hali hiyo uzito wake ni wa chembe ya vumbi, na upepo ukipita humchukua. Na upepo wa huko si wa kawaida. Wakati wa majira ya baridi hushuka kutoka uwanda wa juu ukipita mabondeni kwa kasi inayoweza kuvuka kilomita 100 kwa saa, ukisomba mchanga kuelekea baharini.

Mwaka 2006 Johnson Nkem na wenzake, Wall akiwa mmoja wao, walichapisha utafiti waliofanya ili kuona kama kweli upepo huwabeba wanyama hao. Walitumia vyombo vya kuokea keki, vile vya duara vyenye tundu katikati, wakaviinua takriban mita moja kutoka ardhini na kuliacha vumbi litue humo. Walichota pia mchanga ambao upepo ulikuwa umeurundika juu ya barafu ya maziwa na juu ya barafuto. Ndani ya vumbi hilo walikuwamo nematodi, rotifa na tadigradi.

Juu ya barafuto hutokea jambo ambalo nimelisoma mara nyingi bila kulizoea. Vumbi jeusi hunyonya joto la jua kuliko barafu nyeupe iliyolizunguka, hivyo huyeyusha barafu iliyo chini yake na kuzama. Panabaki kisima kidogo, na katika Mabonde Makavu kisima hicho hujifunika kwa barafu juu, maji yakiwa ndani. Rotifa au tadigradi aliyefika na vumbi lile huamka humo. Chembe iliyomsafirisha ndiyo iliyomchimbia kisima.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari huku Njombe. Antaktika sijaifika na sidhani kama nitaifika. Lakini nyuma ya maabara yetu upo ukuta ambao mfereji wa paa umeuvujia miaka mingi, na juu yake imeota mosi. Mvua zikiisha, mosi ile hugeuka rangi ya kahawia na kuvunjika vidoleni. Msimu mmoja wa kipupwe, upepo ukiwa mkali na vumbi la uwanjani likiingia hata kwenye madaftari, niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tatu wachume kipande kikavu, wakiloweke kwenye kisahani, kesho yake waweke tone la maji yale chini ya hadubini.

Kwa muda mrefu hatukuona chochote ila mchanga. Wachache walianza kuchoka. Kisha kijidonge kimoja chenye rangi ya maziwa kikajitikisa, kikajinyoosha, kikatoa kichwa, na vinyweleo vikaanza kuzunguka. Alikuwa rotifa. Darasa likasongamana kwenye hadubini moja hadi nikahofia itaanguka.

"Mwalimu, jana huyu alikuwa amekufa?" msichana mmoja aliuliza.

Nikamweleza kwamba alikuwa amekauka tu. Akafikiri kidogo. "Na kama upepo ungemchukua jana, sasa hivi angekuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba angeweza kuwa popote. Kengele ikalia, wakaondoka. Jibu hilo lilikuwa sahihi kwa kiasi cha kutosheleza kipindi cha dakika 40, lakini mimi mwenyewe halikunitosha, na tangu siku hiyo nimekuwa nikilirudia.

Mwalimu hushawishika upesi kumgeuza kila kiumbe kuwa funzo. Mchwa ni bidii, nyuki ni umoja, na mnyoo huyu, bila shaka, angekuwa uvumilivu. Nilikaribia kuandika hivyo ubaoni. Kilichonizuia ni kwamba niliyafahamu maisha ya kukauka kwa karibu kuliko wanafunzi wangu walivyodhani.

Nilihamia Njombe kutoka Tanga. Miaka yangu ya kwanza hapa niliiishi nusu. Kabati sikununua, kwa kuwa nguo zilikaa vizuri tu kwenye sanduku. Nilijifunza kuitikia "kamwene" kwa adabu, nikaishia hapo. Jioni nilifunga mlango mapema, nikiisingizia baridi. Mama mwenye nyumba, Mbena mtu mzima mwenye sauti ya chini, alikuwa akigonga dirishani: "Mwanangu, njoo jikoni, kuna moto." Nami nikamjibu kila mara, "Ahsante mama, kesho." Hali hiyo niliiita kustahimili. Niliamini kwamba siku moja mambo yangebadilika, upepo ungegeuka, nami ningeendelea na maisha pale nilipoyaachia.

Basi niliposoma kuhusu Scottnema nilijiona ndani yake, na kwa muda nilifarijika. Hata hivyo, kadiri nilivyosoma ndivyo faraja ilivyopungua. Maabarani, katika nyuzijoto 10, mnyoo huyu huhitaji zaidi ya siku 200 kukamilisha kizazi kimoja. Kwa kuwa kiangazi cha mabonde yake ni wiki chache tu, kizazi kimoja huko kinaweza kudai miaka. Wakati wote aliokauka hauhesabiki upande wowote. Haumzeeshi sana, wala haumpi kitu. Na zaidi ya hapo, yeye hakukataa kuishi. Maji hayakuwapo. Kwangu mimi maji yalikuwapo, yakigonga dirishani kila jioni, yakiniita mwanangu.

Nilipolea mawazo hayo nilikumbuka upepo nilioujua utotoni. Watu wa pwani tumekulia kwenye pepo zenye miadi. Kaskazi huvuma miezi yake, na zamani ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kisha kusi hushika zamu na kuyarudisha. Babu zetu waliweza kumpenda mgeni, kumkopesha, hata kumwoza binti, wakijua ni msimu gani ataondoka na ni msimu gani wamtazamie tena. Pengine ndiyo sababu nilipofika bara niliishi kama mtu anayengoja zamu ya upepo wa pili. Pepo kali za Mabonde Makavu hazina zamu ya namna hiyo. Zinaporomoka kutoka kwenye barafu ya juu kwenda chini, na mnyoo aliyeangushwa juu ya bahari iliyoganda hana msimu wa kumrudisha mchangani kwake. Tunawahesabu walioonekana kwenye vyombo vya keki na walioamka visimani. Waliopotea ni wengi kuliko hao, nami nadhani haki inatudai tuwakumbuke tunapoanza kuusifu upepo kwa ukarimu.

Kwa kweli ukarimu wa upepo wenyewe ni jambo la kubishaniwa. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Uholanzi Lourens Baas Becking alieneza wazo kwamba viumbe wadogo wako kila mahali, na kwamba mazingira ndiyo yanayochagua nani astawi wapi. Wazo hilo linavutia. Linaifanya dunia kuwa nyumba moja yenye milango wazi. Lakini wataalamu walipowatazama vizuri wanyama wadogo wa Antaktika, walikuta kwamba karibu nematodi wote wa bara lile hawapatikani penginepo duniani. Tena, wale wa Rasi ya Antaktika na wale wa bara lenyewe karibu hawana spishi hata moja ya pamoja, ingawa wote wanakaa kwenye ardhi ileile na wote wanaweza kukauka wakawa vumbi. Inaelekea wengi wao wamekaa huko mamilioni ya miaka, wakijificha kwenye vipande vya ardhi ambavyo barafu haikuvifunika kabisa hata katika enzi zake kuu.

Upande wa pili wa dunia hali ni tofauti. Mwaka 1998 Philip Pugh na Sandra McInnes walipendekeza kwamba tadigradi wa Aktiki wamefika baada ya barafu kuu kurudi nyuma, wakibebwa na upepo kutoka nchi za kusini yao. Aktiki imezungukwa na mabara. Chembe ikipeperuka haina bahari kubwa ya kuvuka. Antaktika imezungukwa na bahari, na juu ya bahari hiyo pepo za magharibi hulizunguka bara bila kukoma. Pepo hizo ni sehemu ya ukuta unaolitenga. Ndani ya bonde upepo unamsogeza mnyoo kutoka mchangani hadi kwenye barafuto. Nje, upepo mwingine unaizuia njia ya kuingia. Nimejaribu kuyaweka mambo haya mawili kwenye sentensi moja rahisi kwa ajili ya kidato cha tatu, na kila mara sentensi inavunjika. Labda si lazima iwe rahisi. Yule msichana nilimwambia "popote," nami sasa naliona neno hilo kuwa kubwa kupita kiasi. Rotifa wetu angeweza kufika mahali pengi ajabu, na bado dunia ingebaki na mahali ambapo hata miaka milioni ya upepo haijampeleka ndugu yake.

Kuna utafiti mwingine ulionitikisa zaidi, ingawa haukufanyiwa kwenye barafu. Mwaka 2010 Christopher Wilson na Paul Sherman wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha habari za rotifa wa kundi la bideloidi, wale wasio na madume, ambao huzaa peke yao kizazi baada ya kizazi. Kiumbe anayezaa hivyo hutarajiwa kuangamizwa na vimelea, kwa kuwa watoto wote wana udhaifu uleule wa mama. Rotifa hao wana kuvu mmoja anayewashambulia na kuwamaliza. Watafiti hao waligundua kwamba rotifa wakikaa wakavu kwa muda wa kutosha, kuvu hufa kabla yao. Na wakipeperushwa na upepo wakiwa wakavu, wanaweza kutua mahali papya bila kuvu na kuanza upya wakiwa salama.

Niliposoma hayo niliweka karatasi chini. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba miaka yangu ya kukauka ilikuwa hasara tupu, na sasa viumbe walewale walikuwa wakiniambia kwamba kukauka huweza kuua kitu kinachokula ndani.

Sijasema bado kwamba uhamisho ule niliuomba mwenyewe. Kila ninaposimulia huwa nasema "nilihamishwa," na watu hunipa pole, kwani walimu wengi hupelekwa wasikotaka. Ukweli ni kwamba niliandika barua baada ya mazishi ya baba. Nyumba ile ya Tanga nilishindwa kuipita bila kumsikia akikohoa barazani. Nilitaka mahali pasipo na bahari, pasipo na mtu anayenijua kuwa mtoto wa fulani. Nilipopata nilichokiomba, nikakifanya kuwa upepo. Nadhani ilikuwa rahisi kwangu kuhuzunika kama mtu aliyebebwa kuliko kuhuzunika kama mtu aliyeondoka.

Je, ile miaka ilinitibu? Siwezi kusema. Huzuni si kuvu. Haifi kwa kukosa maji. Ninachojua ni kwamba usiku mmoja wa Julai niliitika, nikaenda jikoni kwa mama mwenye nyumba, nikala makande, na kabla sahani haijaisha nilikuwa nikimsimulia baba. Aliniuliza jina lake. Alilitamka vibaya, akalirudia hadi likakaa sawa.

Tangu hapo nimekuwa makini na tofauti kati ya kuletwa na kuja. Wanasayansi wa Antaktika nao wanaitilia maanani kwa namna yao. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Steven Chown na wenzake, waliokagua nguo, viatu na mifuko ya watu walioingia Antaktika katika msimu wa 2007 na 2008. Kwa wastani kila mgeni aliyekutwa na mbegu alikuwa amebeba mbegu 9.5 bila kujua. Ndiyo maana leo anayekwenda huko huambiwa asugue soli zake na kusafisha mikunjo ya mifuko. Udongo ulionata kwenye kiatu unaweza kuvuka ukuta wa pepo ambao mnyoo wa kigeni hakuuvuka kwa zama zote hizo, na ukaangukia kwenye bonde lenye wenyeji wasiowahi kumwona. Hata kati ya bonde na bonde watafiti hutahadhari, kwa sababu mnyoo aliyehamishwa na kiatu huivuruga historia ambayo upepo na barafu vimekuwa vikiiandika. Upepo hauwezi kuulizwa kitu. Mwenye viatu anaweza, naye akubali kuinama na kuvisugua.

Karibu na kwetu jambo hili lina uharaka wake. Kwenye Mlima Stanley, katika safu ya Rwenzori upande wa Uganda, mosi huota juu ya barafuto inayoyeyuka kila mwaka, na mwaka 2018 alielezwa kutoka humo tadigradi ambaye sayansi ilikuwa haijamjua, akaitwa Adropion afroglacialis. Amepewa jina la barafu ya Afrika wakati barafu yenyewe inakwisha. Nilipowaambia wanafunzi, mmoja alisema upepo utamhamisha tu. Nikamuuliza, umpeleke kwenye barafu ipi? Darasa likanyamaza, nami nikajuta kidogo kwa ukali wa swali, kwa maana sikuwa na jibu la kuwapa baada yake. Inawezekana mnyama huyo anaweza kuishi kwenye mosi ya mwambani bila barafu. Ningependa iwe hivyo.

Kipupwe kijacho tumekubaliana kuweka sufuria tatu juu ya paa la maabara, zenye kokoto safi zilizochemshwa, tuziache zikusanye vumbi, kisha tuliloweke na kutazama. Nimewaeleza mapema kwamba hatutaweza kujua vumbi limetoka wapi. Linaweza kuwa limetoka Makambako, au kwenye uwanja wetu wa mpira. Yule msichana aliyeuliza swali la kwanza, ambaye sasa yuko kidato cha nne, amepinga: kama hatutajua limetoka wapi, tutakuwa tumejibu nini? Nimemwomba aliandike pingamizi hilo kwenye daftari la maabara, ukurasa wa kwanza, kabla hatujapandisha ngazi.